Kumjua Fundi wa Vali: Mwongozo kwa Wenye Magari Garissa na Kaskazini Mashariki

Fundi wa pancha husifiwa sana kwa wepesi. Gari limeingia kibandani saa nne, saa nne na nusu limetoka, tairi limejaa na dereva ameridhika. Kwa pancha ya msumari kipimo hicho hakina ubaya mkubwa, maana tundu la msumari linaonekana, na likishazibwa kazi imekwisha. Kwa vali hakifai hata kidogo. Vali inayovuja inaweza kunyamazishwa kwa dakika moja na mtu yeyote mwenye koleo, ikatulia mpaka Bangale au Ukasi, kisha ikaanza kutoa upepo upya gari likiwa linakimbia kilomita 100 kwa saa juu ya lami inayounguza. Ninachodai ni kwamba ubora wa fundi wa vali huonekana kabla hajakaza wala kulegeza kitu, kwa namna anavyotafuta mahali upepo unapotokea. Na aliyetafuta vizuri mara nyingi ataishia kubadilisha vali nzima, hata kama mteja alimwomba aikaze tu. Garissa na Kaskazini Mashariki nzima ni mahali pazuri pa kulipima dai hili, kwa kuwa joto, mchanga na umbali wa huko huifichua kazi mbovu mapema kuliko Nairobi au Mombasa.

Kwanza tukubaliane vali ni nini, maana wengi huona mrija mmoja tu. Vali ya gari la kawaida ina sehemu tatu na kila moja huvuja kwa njia yake. Lipo shina, ule mrija unaochomoza kwenye rimu, ambao kwa magari madogo ni shaba iliyovishwa mpira na kwa malori ni shaba tupu iliyobanwa kwa nati na wosha. Ndani ya shina kuna kiini, kipande cha urefu wa takriban sentimita mbili chenye nyuzi kichwani, pini katikati, springi, na viungo viwili vya kuzuia upepo: kimoja huziba kati ya mwili wa kiini na ukuta wa shina, cha pili hukaa chini ya pini na kufunguka pini inaposukumwa. Juu kabisa kuna kifuniko. Mpangilio huu ulitoka kwa kampuni ya August Schrader ya New York na ulipewa hataza mwaka 1893, na nyuzi zake ni za kipimo kimoja. Ndiyo maana kiini cha Probox, cha bajaji, cha pikipiki na cha lori la mifugo huweza kubadilishana. Dereva aliyekwama Hulugho bila duka la vipuri anaweza kuazima kiini cha bodaboda akafika salama. Vali ya ile baiskeli nyeusi ya zamani, inayojazwa upepo kupitia kimpira chembamba, ni ya aina nyingine na haitamfaa.

Sasa mtazame fundi gari linapofika. Fundi hafifu huuliza, "Ni gurudumu gani?" kisha huinama moja kwa moja na koleo. Fundi mzuri huuliza tairi hushuka kwa muda gani: usiku mmoja, siku tatu, au wiki. Huuliza pia kama lilijazwa lini na wapi, na kama liliwahi kutiwa dawa ya kuziba pancha. Majibu hayo yanamwelekeza. Tairi zima hupoteza upepo kidogo kila mwezi, psi moja au mbili, kwa sababu mpira wenyewe hupitisha hewa polepole. Linaloshuka hivyo halina ugonjwa. Linaloshuka nusu kwa usiku mmoja lina tundu, na tundu hilo linaweza kuwa kwenye vali, kwenye ukingo wa tairi unapokalia rimu, kwenye rimu iliyopata ufa, au kwenye msumari ambao hakuna aliyeuona. Baada ya maswali huja maji ya sabuni. Tone moja huwekwa kwenye mdomo wa vali baada ya kuondoa kifuniko, na hapo hungoja. Kiini kinachovuja kwa siri huotesha povu dogo linalovimba taratibu, pengine kwa nusu dakika, likapasuka na kuanza upya. Fundi anayepaka mate, akatazama sekunde mbili na kusema "iko sawa" hajapima kitu. Kisha sabuni hupakwa kuzunguka kitako cha shina, na hapa ndipo jicho la mjuzi hutofautiana na la mgeni: shina huinamishwa kwa kidole gumba upande huu, upande ule, juu na chini, huku macho yakiwa pale mpira unapoingia kwenye rimu. Nyufa za mpira mzee hujificha shina likiwa limesimama wima na hufunguka likiinama. Ukiona fundi anaisukuma vali kwa kidole bila kuambiwa, tulia, umempata mtu.

Kipimo hiki kina pingamizi lake, tena la haki. Madereva wa Nairobi husema kwamba wakifika Garissa hukuta geji inasoma chini, hivyo vali zote zinavuja. Hesabu inasema vingine. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Garissa karibu mita 150. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje ni nzito zaidi kando ya Mto Tana kuliko huko juu. Kwa sababu hiyo peke yake, tairi ambalo halijapoteza chochote litasoma zaidi ya psi 2 chini lifikapo Garissa. Joto nalo huvuta upande wa pili: tairi lililojazwa psi 32 alfajiri Nairobi kukiwa na nyuzi 15 litasoma karibu psi 31 asubuhi ya Garissa yenye nyuzi 24, na litarudi karibu psi 33 mchana kwenye nyuzi 36. Fundi anayejua kazi yake hapimi tairi lililotoka kukimbia juani na kulitangaza zima au bovu. Hulinganisha magurudumu yote manne. Yakibadilika pamoja kwa kiasi kimoja, ni mwinuko na joto; likishuka moja peke yake, hapo kuna la kutafuta. Anayekuuzia viini vinne kwa sababu geji ya gari lililoshuka kutoka mlimani imesoma 31 amekuuzia hofu.

Ikishathibitika kwamba vali ndiyo yenye kosa, mvutano mkubwa huanza: kukaza, kubadilisha kiini, au kubadilisha vali nzima. Hapa ndipo mpira unapaswa kusikilizwa. Shina la mpira huzeeka kwa joto, kwa jua na kwa ozoni, gesi iliyomo hewani inayoukata mpira pale hasa ulipovutwa. Pale unapokunjika kwenye tundu la rimu ndipo ulipovutwa kuliko kote, na ndipo nyufa zinapoanzia. Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kutafutwa jangwani. Mwaka 2008 kampuni ya Dill Air Controls ya Marekani ilitangaza kuzirudisha vali za mpira zilizotengenezwa China mwaka 2006, kwa sababu mpira wake ulikuwa unapasuka kwa ozoni kabla ya wakati. Mashina hayo yalikuwa na umri wa miaka miwili tu na kwa macho ya juujuu yalionekana mapya. Mpira wa aina ya EPDM, ambao vali nzuri hutengenezwa nao, huistahimili ozoni na joto vizuri sana. Mpira wa bei ya chini uliochanganywa ovyo haustahimili. Mnunuzi wa kawaida hawezi kuvitofautisha kwa maabara, lakini anaweza kuinunua vali iliyo ndani ya pakiti yenye jina la mtengenezaji na namba, na kuikataa ile inayochotwa kutoka kwenye kopo lililokaa mlangoni likichomwa na jua tangu mwaka jana. Aipinde pia. Mpira mzuri hupinda, huachia mara moja na kurudi ulivyokuwa, na haubadiliki kuwa mweupe pale ulipokunjwa.

Fikiria sasa magari yenyewe. Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, na mengi hutoka Japani kupitia Mombasa. Gari la miaka saba linaweza kushuka bandarini na mashina yale yale liliyotoka nayo kiwandani, likauzwa, likavishwa tairi mpya mbili, na mashina yakabaki pale pale. Likifika Garissa linaanza maisha mapya ya jua la nyuzi 35 na kupanda kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo kanuni ya mafundi makini duniani kote, kwamba kila tairi jipya liende na vali mpya, huku kwetu inastahili kukazwa zaidi ya kwingine. Fundi anayefunga tairi jipya juu ya shina la zamani bila hata kukuuliza amekosea, hata kama kila kitu kingine amekifanya kwa ustadi. Tairi limeshatolewa, rimu iko wazi, kazi ya mkono imeshalipiwa. Kilichobaki ni kipande kidogo ambacho bei yake haikaribii hata kidogo bei ya tairi.

Wapo watakaosema kukaza kumewatosha miaka yote. Huwatosha pale ambapo kosa lilikuwa ni kiini kulegea, na hilo hutokea kweli. Lakini kiini hakihitaji nguvu. Hukazwa kwa kifunguo chake kidogo, kwa ncha za vidole, mpaka kikatae, basi. Anayekaza kwa koleo hubana kiungo cha kuzuia upepo mpaka kikapasuka au akakata nyuzi za shaba, na upepo hunyamaza siku hiyo kwa sababu kila kitu kimesagwa pamoja. Ukitaka kujua kama vali yako imewahi kupita mikononi mwa mtu kama huyo, tazama mdomo wake: shaba iliyopata meno ya koleo haifichiki. Tazama pia pini. Katika kiini kilichokaa vizuri, kichwa cha pini husimama karibu sawa na mdomo wa shina. Kikizama sana, geji haitakifikia na pampu itasukuma bila upepo kuingia, na dereva ataambiwa kompresa ni dhaifu. Kikichomoza kupita kiasi, kifuniko kitakigusa na kukifungua, na tairi litashuka kila linapofunikwa, kosa ambalo limewasumbua watu wengi kwa sababu hawakutarajia kifuniko kiwe ndicho adui.

Kukwama kwa vali ni ugonjwa ulio tofauti na kuvuja, ingawa hivyo viwili huishi pamoja. Chanzo kikubwa cha kukwama huku ni mchanga. Punje moja ikikaa chini ya pini, kiini hakifungi. Mchanga ukichanganyika na unyevu na kugandana na shaba, pini haishuki. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili 2024, yaliyokata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, yalilazimisha magari kupita kwenye maji ya tope, na tope likikauka ndani ya vali isiyo na kifuniko ndivyo linavyofanya kazi yake. Hapa kuna jambo dogo la kutazama kwa karibu sana. Kabla ya kuunganisha mpira wa kompresa, fundi mzuri huupulizia hewani kwanza, kusudi vumbi na maji yaliyolala ndani yake yatoke. Kisha huipuliza midomo ya vali. Kisha huibonyeza pini mara moja na kuachia upepo kidogo utoke kwa kishindo ili usukume nje kilichomo. Ni sekunde tano za kazi. Anayeuchomeka mpira moja kwa moja juu ya vumbi ameusukuma mchanga ndani ya tairi kwa shinikizo, na kesho utakuwa umekaa chini ya pini. Swali lingine la haki ni kama tangi la kompresa humwagwa maji. Hewa ikibanwa hutoa maji, maji hukaa chini ya tangi, na yasipomwagwa huingia kwenye tairi lako pamoja na kutu.

Namna ya kuilegeza vali iliyokwama pia inamtofautisha mjuzi. Wengi hutia tone la mafuta ya injini au grisi, na kwa saa chache pini huteleza vizuri kiasi cha kumfanya fundi aonekane hodari. Mpira wa EPDM, ambao niliusifu hapo juu kwa kuistahimili ozoni, hauyawezi mafuta ya petroli: huyanywa, huvimba na kulainika. Mafuta hayo pia hushika vumbi na kuligeuza tope. Tiba ya kiini kilichokwama ni kukitoa, kukitupa na kuweka kipya. Kukisafisha kwa mswaki hukubalika tu mahali ambapo kipya hakipatikani, na hapo maji ya sabuni yanatosha. Dawa za kuziba pancha, zile zinazomiminwa kupitia vali, zinahitaji kutajwa hapa kwa ukali. Zina faida yake kwenye njia ya miiba ya migunga, lakini hugandia kwenye kiini na kukifunga kabisa au kukiacha nusu wazi. Mtu aliyetumia dawa hizo ajue kwamba kiini chake kimeshakuwa cha kubadilishwa, na fundi anayemimina dawa bila kwanza kukitoa kiini hajui anachokifanya.

Kukitoa kiini nako kuna adabu yake. Tairi lenye psi 35 hurusha kiini kama risasi ikiwa vidole vimelegea katika mzunguko wa mwisho, na kiini kilichoangukia kwenye mchanga wa Wajir hakipatikani tena. Wanaopita njia za mchanga hupunguza upepo mpaka psi 20 au pungufu ili tairi litandae, na wenye haraka huondoa kiini chote badala ya kubonyeza pini kwa dakika nyingi. Mwenye ujuzi huibana vali ndani ya kiganja kizima anapofungua, na ana viini viwili vya akiba mfukoni.

Tukifika kwenye kuweka shina jipya, kazi yote iko kwenye tundu la rimu, mahali ambapo mteja hapaoni tena tairi likisharudishwa. Kwa hiyo simama pale wakati tairi liko nje. Ukingo wa tundu unapaswa kusuguliwa mpaka kutu na mabaki ya mpira wa zamani yaishe. Shina jipya juu ya kutu litavuja polepole na hakuna kukaza kutakakosaidia. Mpira hulainishwa kwa maji ya sabuni, huingizwa kutoka ndani, kisha huvutwa kwa chombo chenye nyuzi za kushika mdomo wa shina mpaka mfereji wake uingie kwenye tundu. Utasikia mlio mdogo na mpira utakaa sawa pande zote. Anayeuvuta kwa koleo kwa kuushika ubavuni huuchana kwa ndani, na mchaniko huo hufunguka baada ya miezi michache. Kipimo pia ni muhimu. Vali ya namba TR413, iliyoenea kuliko zote, imetengenezwa kwa tundu la milimita 11.5 na ukomo wake ni psi 65. Kwa gari dogo inatosha kabisa. Kuitia kwenye rimu ya tundu la milimita 16, kama zilivyo baadhi ya rimu za magari mazito ya kazi, ni hatari, na lori linalopeleka ng'ombe kutoka soko la mifugo la Garissa hujazwa psi 100 au zaidi, kiwango ambacho shina la mpira wa kawaida haliruhusiwi kukaribia. Huko ni shaba, nati na wosha, na wosha huwa mpya kila mara. Magari yenye kipima upepo cha umeme ndani ya gurudumu mara nyingi yana shina la aluminiamu. Hayo yanataka kiini kilichopakwa nikeli, kwani shaba tupu ndani ya aluminiamu hushikana kwa kutu mpaka shina likatike.

Pingamizi kubwa kuliko yote, na lenye wafuasi wengi kutoka Garissa hadi Mandera, ni hili: ya nini taabu yote hii, weka tyubu. Tyubu ina vali yake, hivyo vali ya rimu inayovuja huondolewa, tundu linapitisha shina la tyubu, na kosa limesahaulika. Nakubali kwamba tyubu ina mahali pake. Rimu iliyopinda kwenye changarawe mpaka tairi haliwezi kuikalia sawasawa haitashika upepo kwa vali yoyote, na boza la maji linalotambaa kilomita 30 kwa saa kuelekea kijiji chenye ukame linahitaji kufika kuliko linavyohitaji ukamilifu. Lakini tyubu ndani ya tairi lisilotengenezewa tyubu husuguana nalo na kuzaa joto, na ikipasuka hutoa upepo wote kwa mara moja, ilhali tairi lisilo na tyubu likichomwa huushikilia upepo kwa muda wa kutosha kukuwezesha kusimama. Kwenye lami ya Garissa hadi Mwingi, kwa mwendo wa Probox za miraa, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Tena tyubu haimwondolei mtu kazi ya kuangalia vali. Tairi lenye tyubu likiendeshwa na upepo mdogo huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu pamoja nalo, na shina huanza kuinama. Shina lililoinama kwenye gurudumu lenye tyubu ni onyo la wazi, na likiachwa hukatika kwenye kitako bila taarifa. Fundi anayelinyoosha kwa mkono na kuongeza upepo amekuachia onyo hilo bila kulisoma. Anayelitoa tairi, akairudisha tyubu mahali pake na kuuliza kwa nini upepo ulishuka, huyo anastahili pesa yake.

Yupo atakayesema kwamba vali inayopoteza psi 5 kwa wiki si jambo la kufa, ongeza upepo kila Ijumaa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu mahali penye baridi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto hilo huongezwa juu ya lile la lami. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuzirudisha tairi milioni 6.5 nchini Marekani baada ya nyingi kubanduka zikiwa barabarani, na visa vilikithiri katika majimbo ya joto kama Arizona, Texas na Florida. Tairi zenyewe zilikuwa na kasoro, na upepo mdogo na joto viliizidisha. Sheria iliyopitishwa mwaka huo huo ndiyo iliyoleta kipima upepo cha lazima katika magari ya Marekani. Wakati mwingine nguvu za mwendo zenyewe huuongeza uvujaji: kwenye kilomita 100 kwa saa, pini iliyo ndani ya vali ya gari dogo husukumwa kuelekea nje ya gurudumu kwa nguvu ya zaidi ya mara 100 ya uzito wake, na upande huo wa nje ndio upande wa kuifungua. Springi changa na upepo wa kutosha huishinda nguvu hiyo. Springi iliyochoka ndani ya tairi lililoshuka inaweza kushindwa, na dereva asijue kwa nini tairi hushuka safarini na kukaa zima likiegeshwa.

Hapo ndipo kifuniko kinapopata heshima yake. Ni kinga dhidi ya mchanga na, kikiwa na kimpira ndani, ni kizuizi cha pili cha upepo. Cha plastiki kinatosha na ni bora kuliko cha chuma kwenye shina la aluminiamu, ambako chuma hushikana. Fundi anayerudisha gari bila kifuniko kimoja, hata kama hakikuwepo lilipoingia, hajamaliza kazi. Mmaliziaji wa kweli hupima upepo, huweka tena tone la sabuni kwenye mdomo na kitako cha shina, hungoja, hufuta, hufunika, kisha hukwambia upime tena kesho asubuhi kabla gari halijatembea. Maneno hayo ya mwisho ni dalili kubwa kuliko mabango na kompresa mpya, kwa kuwa yanampa mteja njia ya kumrudia na ushahidi mkononi.

Kwa hiyo ukiwa Garissa na safari ya Wajir, Dadaab au Nairobi iko mbele yako, usimharakishe fundi anayeipinda vali na kungojea povu. Akikwambia shina limezeeka na tairi inabidi litolewe, mwache alitoe, omba uonyeshwe shina la zamani likiwa limepindwa, na mlipe kazi yote bila kumpunguzia. Aliyekukazia kwa koleo kwa nusu ya bei hiyo, usimrudie.